Naomba ushauri: nzi wa matunda wananimalizia maembe, Malindi

Mkulima_Ganda: Assalamu alaikum ndugu zangu. Nina miembe ya ngowe na boribo huku Ganda, na maembe yanaanguka kabla ya kuiva. Ukiyapasua, mna funza. Nitajieni dawa ya kupuliza iliyo kali lakini isiyodhuru mazingira.

Mzee_Korosho: Wa alaikumu salaam. Marehemu baba aliwaachia maji moto, wale chungu wa mitini, miembe na mikorosho yake. Chungu wale wakishajifumia viota vya majani, nzi hatui kwa raha, ijapokuwa mchumaji naye hushuka akijikuna na kumlaani mwenye shamba.

Binti_Sabaki: Mzee, ameuliza dawa. Ndugu, nzi anayesumbua zaidi ni yule wa kutoka Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003. Jike hutaga mayai chini ya ganda la embe, kwa hiyo dawa ya kupuliza haimfikii funza aliyekwisha kuingia. Okota kila embe lililoanguka, ulifukie futi mbili chini au ulifunge katika mfuko mweusi juani, kwa sababu funza hutoka embeni akajichimbia udongoni, na humo ndimo anamogeuka nzi. Kisha tundika mitego ya methili eujenoli, kemikali ambayo harufu yake huvuta madume, na chambo cha protini ambacho huvuta majike pia. Lakini hujasema utavuna lini, wala shambani mna nini kingine.

Mkulima_Ganda: Tunavuna baada ya wiki mbili. Mna pia mizinga ya nyuki ya dada yangu, imetundikwa kwenye miembe hiyohiyo. Dawa nimeshanunua na mpulizaji nimeshamlipa, ila tutapuliza magharibi, nyuki wakiwa wamerudi mzingani.

Abu_Swabri: Dada yako amepewa habari? Mali ya mtu haiguswi bila idhini yake.

Kijana_Hindi: Jamani, huyu bwana juzi alikuwa Mpeketoni akiulizia viwavi wa pamba. Nashuku ni muuza dawa anayepima soko.

Mkulima_Ganda: Pamba ni ya shemeji. Ningekuwa muuzaji, si ningeitaja dawa yenyewe?

Binti_Sabaki: Basi tusomee kibandiko: mtu asubiri siku ngapi baada ya kupuliza ndipo avune?

Mkulima_Ganda: Ishirini na moja. Lakini tajiri wa Mombasa ameshatoa nusu ya pesa.

Binti_Sabaki: Mwombe achume mapema, maembe yakiwa yamekomaa lakini bado mabichi, kabla nzi hawajayapenda zaidi.

Mkulima_Ganda: Na mpulizaji niliyekwisha kumlipa?

Mzee_Korosho: Mpe jembe, afukie hayo yaliyoanguka.