Tupeane uzoefu: mliofika Nicodemus, Kansas, mlisimuliwa nini?

Habari wadau, hasa mlioko huku nyika za katikati ya Marekani. Nipo Wichita mwaka wa nne. Julai nilienda Nicodemus, kijiji cha weusi waliotoka utumwani Kentucky wakaja kutafuta ardhi 1877, na tangu nirudi akili haijatulia. Serikali ilikuwa inatoa heka 160, ukae miaka 5 ulime ndo iwe yako. Waliambiwa kuna mji, wakakuta nyasi tu, mti wa kujengea hakuna, wakachimba mashimo ardhini wakaezeka udongo na winta ikawakuta humo humo. Mama mmoja, Willianna Hickman, alikuja 1878, kundi lao lilizika watoto njiani, mji wa Ellis, kwa surua, kufika anauliza Nicodemus iko wapi, mumewe anamwonyesha moshi unatoka chini ya ardhi. Akalia. Nyie je?

Mgogo wa Topeka: Mkuu mimi nimekulia kwenye tembe la bibi, nilivyoona picha za zile nyumba nikampigia mama hapo hapo, mama hawa nao walikaa tembe, ila lao limezama chini! Akauliza kuni walitoa wapi, nikamwambia mavi makavu, akasema basi hao ni ndugu zetu.

Mama Neema: Mi nilijua hilo jina ni la Nikodemo yule aliyemfuata Yesu usiku. Mzee mmoja akasema hapana, kwao wanasimulia ni mtumwa aliyeletwa na meli kutoka Afrika akajinunulia uhuru wake. Nilisisimka mwili jamani. Na wanasimulia pia winta ya kwanza Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, walikuwa wanatoka kuwinda wakawagawia nyama, bila hiyo wangekwisha.

Dereva wa lori: Kilichowamaliza ni reli. 1888 ikapita ng'ambo ya mto, wenye maduka wakahamia huko, ndo Bogue ya leo. Nikipita pale naumia, watu walivumilia mashimo halafu treni inawaruka.

Mleta mada: Dereva umenigusa. Ila wikiendi ya mwisho ya Julai wajukuu wanarudi kutoka kila kona, ndo nilipokutana na bibi mmoja akanishika mkono mpaka nyuma ya nyumba, akanionyesha kibonde kwenye nyasi, hata goti hakifiki. Akasema hapa ndo alizaliwa bibi yangu.