Kuunga mipira ya maji ya bustani: tupeane uzoefu

Mama Mchicha: Wadau, za jioni. Bomba langu liko mbele ya nyumba, matuta yako nyuma kabisa, kama mita 45. Nina mpira wa mita 30 na mwingine wa 20 niliopewa na jirani. Nikachomeka kipande cha bomba la plastiki katikati, nikakaza kwa tyubu ya baiskeli. Siku mbili nikajiona fundi. Siku ya tatu maji yakakatika, nikasahau kufunga koki. Yakarudi saa nane usiku kwa nguvu zote. Asubuhi uani ziwa, bata wa jirani wamehamia. Nyie mnaunga vipi?

Fundi Mstaafu: Pole mama. Tyubu umeionea bure, hiyo koki ndiyo mchawi wako. Ila chovya ncha ya mpira kwenye maji ya moto mpaka ilegee, kisha sukuma kile kipande kiingie vidole vitatu kila upande. Ukishapoa, kaza klipu mbili kila upande, vichwa vya skrubu vitazame pande tofauti. Waya wa kufungia nondo usiguse, unakata mpira polepole bila wewe kuona. Niliufunga wa mteja hivyo, nikaja kuulipa mzima.

Mchaga wa Migombani: Kwangu havuji mtu, maji ndiyo yanachoka njiani. Niliunga mipira mitatu kutoka kwenye tanki lililo juu ya mnara wa mita 3, mwisho wa safari yanatoka kama mtoto anakojoa. Nikadhani kuna uchafu. Kumbe kimo cha mita 10 ndicho kinatoa presha ya baa 1 hivi, sasa mimi na mita zangu 3 niringe na nini? Halafu mpira wa katikati ni wa nusu inchi, wenzake robo tatu. Tundu lake halifiki hata nusu ya lile kubwa. Nikauhamishia mwisho nikitegemea nafuu, wapi! Nilipoutoa kabisa nikaweka wa robo tatu, ndipo migomba ya chini ikaonja maji.

Mtanga wa Minnesota: Mimi nilimbebea mama viungio vya shaba kutoka huku Marekani, vizuri mno, vinang'aa. Kwenye koki ya robo tatu vinashika mzunguko mmoja na kidogo, vinagoma. Thredi, ile michirizi ya kukazia, za mipira ya bustani huku ni 11.5 kwa inchi, za bomba la huko nyumbani ni 14. Tepu nyeupe tulizungusha mpaka ikaisha. Sasa viko kwenye kabati la vyombo, wageni wanaonyeshwa.

Babu Sukuma: Mmesahau jua. Mpira mrefu ukilala juani, maji ya kwanza yanayotoka unaweza kukorogea uji. Niliibabua miche 40 ya sukuma wiki kwa haraka zangu. Siku hizi namwaga kwanza njiani mpaka yapoe.

Mama Mchicha: Fundi, ubarikiwe. Nimefanya ya maji ya moto na klipu nne, jana nimemwagilia hadi tuta la mwisho. Panadondoka tone moja moja tu kwenye kiungio, nami sikazi tena, naogopa kukata mpira. Nimepachika mnanaa hapo chini. Bata bado wanakuja kuangalia.