Supachaja ya gia au tabo: ipi inaifaa injini ya pistoni huko juu?

Mwewe_Juu:
Wakuu, tulinganishe. Ukifika mita 5,500 hivi, shinikizo la hewa ni nusu ya lile la usawa wa bahari, na injini isiyosukumiwa hewa inabaki na kama nusu ya nguvu zake. Dawa ni kibanio cha kuisukumia injini hewa, nacho ni cha aina mbili: supachaja inayozungushwa na gia kutoka kwenye krenki, au tabo inayozungushwa na moshi wa ekzosi. Mimi naegemea tabo, maana moshi ule unapotea bure. Nakosea wapi?

Spana17:
Mkuu, haupotei wote. Kwenye Merlin, injini ya ndege ya Rolls-Royce, mabomba mafupi ya ekzosi yalielekezwa nyuma, na moshi uliotoka kwa kasi uliisukuma ndege mbele. Tabo inakunyang'anya sehemu ya msukumo huo. Halafu utaiweka wapi? Ya P-47, ndege ya kivita ya Wamarekani, ilikaa nyuma ya rubani: moshi unapita tumboni kwenda nyuma, hewa iliyobanwa inarudishwa mbele kwa mabomba mengine. Lile tumbo nene la P-47 limetokana na hayo.

Mama_Anga:
Spana17, bei ya gia mbona huitaji? Supachaja kubwa inakula mamia ya nguvu za farasi kutoka kwenye krenki. Chini, hewa ikiwa nzito, inazunguka vilevile, na rubani inabidi abane throto, yaani mlango wa hewa wa injini, ili presha isizidi. Mashine inavuta hewa, mlango umebanwa! Tabo ina kilango cha kupitisha moshi pembeni. Kinafungwa kidogo kidogo kadiri unavyopanda. Kikifungwa kabisa, hapo ndipo nguvu zinaanza kushuka.

Spana17:
Kwenye throto nakubali, dada. Ndiyo maana Merlin 61 ya Spitfire IX, ndege ya kivita ya Waingereza, mwaka 1942, ikapewa gia za kasi mbili na vibanio viwili vya hewa vinavyofuatana. Injini ya DB 601 ya Wajerumani ilikuwa na kibanio kimoja tu, lakini kasi yake ilipanda taratibu kwa kiunganishi cha oili. Ufundi ule naupenda mno.

Mtoto_wa_Hanga:
Joto mmelisahau. Hewa ikibanwa inapata moto, na mchanganyiko wa mafuta unaweza kulipuka wenyewe badala ya kuwaka kwa mpangilio. Nimeshika pistoni iliyopatwa na hayo: tundu kichwani, kingo zimeyeyuka kama nta. Gia au tabo, ukitaka kubana sana huikwepi intakula, yaani kipoza hewa iliyobanwa.
Na P-47 haikuchagua upande. Injini yake, R-2800, ilikuwa na supachaja ya gia, na tabo ndiyo iliyoilisha hewa.

Mwewe_Juu:
Hilo la kutumia zote mbili sikulijua, asante sana. Basi kwa ndege ndogo inayokaa juu saa nyingi kwa kimo kilekile?

Mama_Anga:
Tabo, bila kusita. Ila ukishatua usizime injini papo hapo. Iache iungurume taratibu dakika chache tabo ipoe, la sivyo oili itaungulia kwenye bearingi zake.