Insha moja kwa vyuo vyote, au kila chuo na insha yake?

Mtoto_wa_Katuba: Wakubwa, jambo. Nimemaliza Exetat (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari hapa Kongo), nataka kusomea metalurjia, yaani fani ya kutoa metali kwenye mawe yake. Nimepanga vyuo 11 vya Marekani, vingi kupitia Common App (fomu moja ya maombi inayotumwa vyuo vingi). Insha kubwa imekamilika, inakaribia ukomo wa maneno 650: inamhusu Papa, baba yangu, anayejua daraja la jiwe la malakiti (jiwe la kijani lenye shaba) kwa kulitazama tu. Sasa niko njia panda. Niitume ile ile kila mahali? Niandike upya kwa kila chuo? Au niache yote kama yalivyo, nibadilishe aya ya mwisho tu na kuweka jina la chuo? Hii ya tatu ndiyo inanivutia, maana mega za intaneti ni ghali na umeme huku Katuba, Lubumbashi, mnaujua wenyewe.

Yaya_Kasapa: Mdogo wangu, hiyo ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote. Insha kubwa ni ya kukueleza wewe, na Papa wako habadiliki ukitoka chuo hiki kwenda kile. Iache. Mfumo unakuruhusu kuihariri kati ya chuo kimoja na kingine, na hapo ndipo watu wanapojichongea: insha yenye jina la chuo cha Golden (Colorado School of Mines) inafika Rolla (Missouri S&T). Jina la chuo liweke kwenye maswali ya ziada tu, yale ya "kwa nini sisi". Hayo yaandike upya kila mara.

BelAir_243: Yaya, sikubaliani na hilo la "kila mara". Vyuo 11, kila kimoja na maswali mawili au matatu, na kijana anaandikia saiba? Ataandika vitano vizuri na sita vya kukimbizana. Aandike jibu moja zuri kuhusu metalurjia, aligeuze kidogo kidogo. Tena kuna vyuo visivyouliza swali lolote la ziada. Atafute hivyo.

Yaya_Kasapa: BelAir, kugeuza sawa, ila inategemea unageuza nini. Ile nusu ya kwanza, kwa nini metalurjia, inaweza kusafiri popote. Nusu ya pili haisafiri. Mdogo wangu, soma hii: "Chuo chenu ni maarufu duniani na kina maprofesa hodari." Futa jina la chuo, weka jingine lolote, sentensi bado inasimama. Basi haijasema kitu. Sasa hii: "Papa hulitambua jiwe kwa rangi. Mimi nataka kuelewa kwa nini shaba ikishatolewa kwenye maji ya asidi, kobalti inabaki humo, na jinsi ya kuitoa bila kupoteza nyingi." Baada ya hapo taja somo au maabara ya chuo hicho inayogusa jambo hilo hasa, uliyoisoma kwenye tovuti yao wenyewe. Colorado School of Mines na Missouri S&T (ilianza 1870 kama shule ya migodi na metalurjia) zote zina fani hiyo, lakini hazifundishi kwa ratiba moja. Usipoona tofauti yao, huna sababu ya kuomba zote mbili.

Kuna maswali mengine hayageuziki hata ukitaka. Stanford wanakuomba umwandikie mtu mtakayelala naye chumba kimoja. Hiyo utaipeleka wapi kwingine?

Binti_Himbi: Naingilia kutoka Goma. Mimi niliomba Uingereza, na huko swali lako halipo kabisa. UCAS, mfumo wao wa maombi, ni maelezo mamoja kwa chaguo zote tano, herufi 4,000, na kwa wanaoingia kuanzia 2026 yamegawanywa katika maswali matatu. Chuo huwezi kukitaja, maana wengine wanne wanasoma karatasi hiyo hiyo. Unaandika kuhusu fani, basi. Ukichanganya fani mbili tofauti ndipo unapoharibu. Kama umechoka kuandika, hiyo ndiyo njia nyepesi, ila ada za wageni si nyepesi hata kidogo.

Papa_Makomeno: Watoto wangu, mimi nasimamia wa kwangu anayeomba Ufaransa. Kule kila chaguo linataka motisha yake, yaani maelezo ya kwa nini unalitaka. Nilichokiona ni kwamba sisi tumezoea barua ya kusifu: "nina heshima kubwa kuja mbele yenu". Sifa zinamaliza nafasi yote, mtoto mwenyewe haonekani.

BelAir_243: Hapo Papa umesema. Nami nakubali nusu ya pili ya Yaya. Lakini mnazungumza insha wakati pesa hamjagusa. Mtoto_wa_Katuba, umeweka vyuo vya University of California?

Mtoto_wa_Katuba: Ndiyo, viwili. Nilivipenda kwa sababu majibu ni yale yale kwa kampasi zote: maswali manne kati ya manane, maneno 350 kila moja.

BelAir_243: Kwanza havimo ndani ya Common App, vina fomu yao. Pili, hawatoi msaada wa kifedha kwa mgeni kwa kuangalia uhitaji wake. Urahisi wa insha usikudanganye. Anza na sera ya msaada ya kila chuo: MIT, Yale, Amherst na wachache wengine hawaangalii mfuko wako wanapoamua kukukubali, hata ukiwa mgeni, na wakikukubali wanafidia pengo lote. Kuingia ni vita, lakini angalau vita inajulikana. MIT nao wana fomu yao na maswali yao mafupi, insha ya 650 hawaitaki.

Mtoto_wa_Katuba: Asanteni. Vya California nimevifuta. Katika 11 vimebaki sita ambavyo mgeni anaweza kupata msaada, na insha ya Papa inabaki ilivyo. Za ziada naziandika kwenye daftari kwanza, nikienda saiba ni kunakili tu. Yaya, naomba nikutumie ile ya Rolla uisome.

Yaya_Kasapa: Tuma. Na zile buletini (ripoti za alama za shule) za miaka minne, umeshapata mtu wa kuzitafsiri? Usingoje Desemba.