Naomba ushauri: nimekwama kwenye mada ya vyombo vya Japani vya Paris 1900

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Naandaa mada fupi ya darasani, kwa Kiswahili, kuhusu kazi za sanaa ambazo ikulu ya mfalme wa Japani iliziagiza kwa mafundi wake ili zikaonyeshwe kwenye maonyesho ya dunia ya Paris mwaka 1900. Mfano wangu mkuu ni chombo cheusi cha kuwekea maua cha fundi Namikawa Yasuyuki wa Kyoto, chenye picha za maua na ndege wa misimu minne, yaani ule weusi wake unang'aa mpaka unaona kama maji ya kisima usiku.

Sasa shida ni jina la ufundi wenyewe. Wajapani wanauita shippo: unachukua chombo cha shaba, unachora kwa vijiwaya vyembamba, unajaza unga wa kioo wa rangi, unachoma, unajaza tena unachoma tena, halafu unasugua wee mpaka kiwe laini. Nimejaribu "nakshi ya kioo", mwenzangu akadhani nasema madirisha ya kanisani 😅 nikajaribu "enameli" akaniuliza kama zile sufuria na vikombe vya bati!

Na kuna Namikawa mwingine, Sosuke wa Tokyo, hata ndugu si ndugu, wote wawili walipewa cheo cha fundi wa ikulu 1896, ila huyu alikuwa anazitoa zile waya kabla ya kuchoma, picha inabaki kama ya brashi.

Maswali: niache tu neno shippo na kulielezea, au kuna neno letu zuri? Na huyo Sosuke nimtaje au nitawachanganya watu?