Msitu wa kaskazini mwa Kanada: mbona wenyeji wanawinda ndani ya hifadhi?

mguu_njiani: Wakuu naomba kueleweshwa. Nilikuwa nasoma kuhusu ule msitu mkubwa wa Kanada nikakuta kuna hifadhi inaitwa Thaidene Nëné halafu wenyeji wanawinda na kuvua humo humo! Mi najua hifadhi ukikutwa na mtego ni kesi. Sasa hapo kinalindwa nini? Na mgeni anafikaje?

bundi77: Mkuu ile nchi ni yao. Serikali ilitaka kuweka hifadhi pale tangu 1970, Wadene, wenyeji wa kijiji cha Łutsël K'é, wakagoma, na walikuwa na sababu, maana hifadhi nyingine ya Kanada, Wood Buffalo, ilipoanzishwa 1922 kuna Wadene walifukuzwa kwao. Basi ikalala miaka na miaka mpaka wenyewe wakarudi mezani kwa masharti yao, 2019 wakasaini, kilomita za mraba elfu 26 na ushee, maamuzi wanatoa pamoja na serikali na uwindaji wao umo kwenye mkataba.

Tulia_basi: Ongezea na walinzi wao, Ni Hat'ni Dene, wapo tangu 2008. Usiwaze askari na gwaride, ni watu wa kijijini hapo hapo na boti yao, wanachota maji ya ziwa yakapimwe, wanaangalia samaki, wakikuta wageni wamepiga kambi wanashuka kusalimia na kuuliza mnaelekea wapi. Kijana anapanda na mzee anaonyeshwa mwamba upi umejificha chini ya maji, hiyo droni haikufundishi. Hata caribou, kulungu wa nchi za baridi (sio karibu ya hodi hodi 😂) wamepungua sana, na wanaokumbuka walikuwa wanapita wapi ni hao hao wazee.

kijiti: bundi77 upo sawa ila sio yote hifadhi ya taifa, ya taifa ni kama 14,000 tu, iliyobaki iko chini ya serikali ya eneo hilo la Kanada, Northwest Territories.

bundi77: Kweli kijiti, nimeteleza hapo.

mguu_njiani: Dah kumbe. Na usafiri je?

kijiti: Barabara hamna. Kindege kutoka mji wa Yellowknife, au boti kiangazi, baridi ikikaza wanapita na pikipiki za theluji juu ya barafu. Ukichagua boti vaa boya, ziwa lenyewe, Great Slave Lake, lina kina cha mita 614, hakuna ziwa refu kwenda chini kama hilo Amerika Kaskazini yote, na maji yake hata Julai ukidondoka utajua hujui.