Naomba ushauri: kimeng'enya cha kutengeneza mafuta kinanichanganya

Habari zenu wakuu. Nasoma udaktari hapa Mwanza, mtihani wa baiokemia ni wiki ijayo. Nimekwama kwenye asetili-KoA kaboksilezi, kile kimeng'enya kinachogeuza asetili-KoA (kipande kidogo kinachotokana na chakula) kuwa maloniili-KoA (malighafi ya kujengea mafuta) kwa msaada wa bayotini (vitamini B7).

Mtu akishiba ugali na sato, insulini (homoni ya shibe) inasababisha kivuliwe fosfeti (kikundi chenye fosforasi kinachokizima), kinaamka. Sitireti (kemikali inayojaa seli ikiwa na nishati tele) nayo inakiunganisha kuwa minyororo mirefu. Akifunga, glukagoni (homoni ya njaa) inapanda, AMPK (kimeng'enya kinachohisi upungufu wa nishati) inakibandika fosfeti, kinalala. Hapo naelewa kabisa.

Ninapopotea: kikiwa tayari na fosfeti, halafu sitireti ikajaa, nani anashinda? Na palmitoili-KoA (asidi ya mafuta iliyokwisha tengenezwa) inaingilia wapi? Jamani, aliyewahi kufundisha hili anieleweshe taratibu, hata kwa mfano wa mwaloni Kirumba, soko letu la samaki. Nimekesha siku mbili.